Foni Haina Mlango

Ujiji, 9 Julai 2000

Baba Aisha,

Sisi huku ukimbizini wazima isipokuwa mama yako, na mama mwenyewe anasema ni mzima isipokuwa mimi. Naandika mbiombio. Mwenye boti ya Kabonga anaondoka kuja kwenu baada ya adhuhuri na ameshaanza kupakia chumvi.

Ule uvimbe wa tumboni umekua. Nilimpeleka hospitali Kigoma. Daktari mmoja mgeni, mtu mpole, akambonyezabonyeza, kisha akanivuta pembeni: upasuliwe sasa, ukiachwa utamuua. Yeye anaondoka mwisho wa Septemba na anasema baada yake hamwoni wa kuufanya upasuaji huo. Nikamwambia mama. Unajua alinijibu nini? "Sipandi meza ya kisu kabla sijasikia sauti za wanangu. Wote wawili. Na barua sizitaki, barua hata ya maiti jirani anaweza kuiandika." Ameapa mbele ya shangazi yangu, na unajua viapo vya mama yako vinavyodumu.

Sasa sikia. Jirani yetu Hadji ana foni dukani, ile redio ya kuongelea: unabonyeza unasema, unaachia unasikia. Wauza ndagala, hawa wa dagaa, wanaongea nayo kutwa na Uvira, na Baraka, hadi Kalemie. Nasikia huko Rumonge yuko Mkongo mmoja, Mushagalusa, anazifunga majumbani. Mtafute. Wewe na shemeji Amuri mkae mbele yake dakika tano, mama awasikie, mimi nimpeleke hospitali. Najua wewe na vyombo vya umeme hamjawahi kuelewana; ile pasi uliyoitengeneza naikumbuka, na gauni langu pia nalikumbuka. Mwachie Amuri ashike kila kitu, wewe sema tu.

Aisha viatu vyote havimtoshi.

Mkeo,
Kadidja


Rumonge, 16 Julai 2000

Mama Aisha,

Kaa kwanza. Kama mama yuko karibu, toka nje usome huko.

Amuri hatunaye. Alikufa tarehe kumi na moja Juni, njia ya Bujumbura, yeye na abiria wenzake wanane. Alikuwa anarudi kutoka kupeleka katoni zetu za sabuni. Basi lilimiminiwa risasi za vita hivi. Tulimzika siku ileile kabla ya alasiri. Mimi na Hakimu, mtoto wa mama mdogo, ndio tuliomwosha. Chausiku yuko hapa kwangu anakaa eda ya mumewe.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza niliichana. Ya pili niliilowesha, si kwa maji ya ziwa. Ya tatu niliiweka ndani ya msahafu kana kwamba huko itajipeleka yenyewe. Nilijiambia nitavuka niwaambie kwa mdomo, lakini wanajeshi wamefunga ziwa kwa abiria na wenye boti hawachukui mtu, wanachukua mizigo na karatasi. Mumeo ana mwili mkubwa na moyo wa kuku, wewe unajua.

Nakuomba kitu kimoja. Mama asijue. Si sasa, na tumbo hilo. Akijua hatapanda meza ya daktari, atalala tu aelekee ukutani. Nitamwambia mimi, siku ziwa likifunguliwa, nimemshika mkono.

Mushagalusa nimempata na tumeelewana kwa sabuni. Foni itakaa chumbani kwetu, si sebuleni, maana Mwamini wa jirani bado anaingia nyumba hii kama upepo. Nitaweka pazia zito na komeo jipya. Nitaifunga ifungike, neno lisitoke humo ila nimelitoa mimi.

Sauti ya pili tutaipata wapi, sijui. Tuanze na yangu.

Kassimu


Ujiji, 25 Julai 2000

Kassimu,

Leo sikuiti Baba Aisha. Wiki tano. Wiki tano namwombea mtu safari njema, tena namtania kwenye barua. Mwachie Amuri ashike kila kitu, ndivyo nilivyoandika, na wewe ulisoma.

Nilienda kulia bafuni, nikawa namwaga maji ili mama asisikie. Nilipotoka akaniambia, "Mwanamke gani anaoga mara tatu kwa siku? Maji ya Ujiji yana sukari?"

Haya. Nitanyamaza. Lakini ujue nalala naye kitanda kimoja. Wewe unafunga kinywa chako ng'ambo ya mpaka, mimi nafunga changu kilicho shubiri moja kutoka sikio lake.

Na kuhusu ulinzi, naona unafikiri ni pazia na komeo. Mbele ya foni ya Hadji kuna benchi. Watu kumi na wawili wanakaa hapo kutwa bila kuwa na mtu wa kuongea naye. Wanakuja kusikiliza ya wenzao. Mama naye ni mmoja wao. Kila asubuhi, nikienda kuuza maandazi, yeye anakwenda kumenya maharage na mke wa Hadji, maharage yenyewe hayaishi. Frekansi ya kawaida, yaani ile namba ya njia ya hewani, wanaijua wote. Nimemwomba Hadji namba nyingine, ipo kwenye kikaratasi ndani ya barua hii. Usimwonyeshe mtu. Tutaongea Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni. Ukimaliza kusema, useme "à vous", ndipo tujue zamu ni yetu. Na jina la Amuri lisipite.

Mpe Chausiku pole. Mwambie ninachotaka kumwambia sijui kukiandika.

Kadidja


Rumonge, 5 Agosti 2000

Mama Aisha (mimi nakuita hivyo hata ukikasirika),

Foni imefungwa. Naomba usicheke mpaka mwisho.

Kwanza karatasi ya komini, ofisi ya serikali ya hapa: siku tatu, mihuri miwili. Kisha komanda wa posisheni, hawa wanajeshi wa pale juu ya soko, naye akaandika masharti yake: kusema, saa moja tu, kuanzia saa kumi jioni. Asubuhi ruhusa ni kusikiliza peke yake. Akanitazama machoni. "Mzee, ukisema asubuhi, tutakuja." Nikamwambia afande, mimi hata jioni sina la kusema.

Kisha anteni. Mushagalusa alipanda mchikichi wa nyuma ya nyumba, akavuta waya hadi mchikichi wa kwa Mwamini, akashuka, akaombea mtambo kwa jina la Yesu, nami nikasema bismillahi ili tusiache upande wowote. Akajaribu. Nilimsikia Hadji wako kama yuko ndani ya sufuria yangu. Mushagalusa akasema, "Papa Kassimu, hapa iko muzuri, hata mutoto atatumia." Kesho yake akaenda Nyanza-Lac kwa kazi nyingine.

Tangu aondoke, kimya. Jumanne niliita "Ujiji, Ujiji" mpaka koo likakauka. Hakuna. Nikatoka kutazama anteni: vitenge vinne na shuka mbili za Mwamini zinaning'inia, zinachuruzika. Nikamwuliza. "Ah, nilidhani umetuvutia kamba, nikakuombea dua." Tukaanua. Ijumaa waya mkavu, hewa nyeupe, nikaita. Kimya kama kaburi. Batri nayo inakufa haraka. Kila siku tatu naibeba kichwani kwenda kuijaza kwenye mashini ya mawese, na wenye mashini wameanza kuniita Toyota.

Kosa si mkono wangu. Dole gumba hili, unajua, soda ya sabuni imelila nguvu, haliwezi kubonyeza kitu kwa muda mrefu. Kwa hiyo kidude cha kusemea nimekikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kama ninavyokaza kila kitu katika nyumba hii. Kimeshika vizuri sana.

Asubuhi naiwasha vilevile, kusikiliza tu, huenda Hadji akapita. Pipa la sabuni nimelisogeza chini ya dirisha la chumba ili nisikose kitu. Nakoroga, naimba kaswida zangu zenye mashimo. Barua yako nilimsomea Chausiku humo chumbani, neno kwa neno, kwa sauti, maana sikio lake moja si zuri na kusoma hajui. Mlango komeo, pazia chini, Mwamini yuko sokoni. Alilia, kisha akasema pole yako imefika.

Ulinzi kamili, basi. Kinachokosekana ni mawasiliano.

Kassimu


Ujiji, 13 Agosti 2000

Baba Aisha,

Tunakusikia. Jumanne tulikusikia, Ijumaa tulikusikia. "Ujiji, Ujiji, à vous," halafu kimya, na sisi huku tunapiga kelele, benchi zima, "Rumonge, tupo," na wewe unarudia "Ujiji, Ujiji" kama kasuku. Hadji anasema mdomo wa foni yako ni mzima, masikio ndiyo mabovu. Nikamwambia hata mwenyewe yuko hivyo.

Jumanne ile ya kwanza mama alikaa mbele kabisa. Ulipoita akafumba macho. Nikafikiri yamekwisha. Akanyanyua kidole kimoja. "Huyo mmoja. Na Amuri?" Nikasema yuko Kabonga anatafuta mawese. Akasema, "Kabonga hakuna foni?" Nikasema, zipo, zina mabati, sijui nilisema nini, Kassimu. Mimi si mwongo mzuri. Wewe umenifanya mwongo wa kila siku na bado sipati mazoezi.

Daktari ameuliza tena. Wiki sita zimebaki.

Na nikwambie, kukaa na mama yako ni kazi. Chakula changu hakina chumvi, kikiwa na chumvi nimekusudia kumwua. Juzi alimwambia shangazi kwamba mkono wangu haujui ugali, na tangu nilipoolewa alikuwa anakula kwa huruma tu. Miaka kumi na saba ya huruma. Msomee Chausiku hayo, acheke kidogo.

Kitu kingine nisichokielewa: tangu wiki iliyopita watu wa mtaa wanatuletea vyakula. Mke wa Hadji alileta wali, mwingine unga, mwingine samaki mkavu. Wanaweka, wananishika mkono, wanaondoka. Nadhani ni kwa ajili ya ugonjwa wa mama.

Sauti zote kwenye foni zinafanana, kama watu wanaongea wameziba pua. Umenielewa? Tafuta mtu.

Kadidja


Rumonge, 22 Agosti 2000

Mama Aisha,

Nimekuelewa, na nimeona aibu, na nimetafuta mtu.

Ni Hakimu. Amekua pamoja na Amuri, anajua alivyokuwa akivuta maneno, anajua alivyokuwa akimwita mama "bibi harusi wangu" akitaka kitu. Mwanzo alikataa. "Kaka Kassimu, nimemwosha kwa mikono hii, leo nimvae?" Nikamwambia ni dakika moja, ni kwa uhai wa mama mkubwa. Akaondoka. Siku ya tatu akarudi, akakaa kwenye ndoo ya mawese, akasema atafanya, lakini nimwulize Chausiku kwanza.

Nikamwuliza Chausiku asubuhi, tumejifungia chumbani palepale. Nilimsomea barua yako yote, kisha nikamweleza mpango hatua kwa hatua: Hakimu atasema nini, atakohoa wapi, atasema batri inaisha ikiwa mama ataanza maswali. Chausiku akasema, "Kama itamponya mama, mwacheni Amuri aazimwe." Habari ya ugali alicheka kweli. Mara ya kwanza tangu Juni.

Masikio ya foni bado. Nimebadilisha waya, nimeisogeza meza, nimeondoa msumari uliokuwa karibu, nimeufunga mtambo blanketi niliposikia kwamba vumbi ndilo adui. Nimeugombeza pia. Nimeita Ujiji hata nimeota naita Ujiji. Batri, nimekuwa Toyota ya kudumu. Mushagalusa anarudi mwanzoni mwa Septemba. Nimemtumia neno kwa kila gari linalokwenda kusini.

Uniandikie siku. Na kabla ya siku hiyo, hakikisha mama hasikii chochote kwingine. Upande wangu usiwe na wasiwasi, hata inzi hapiti.

Kassimu


Ujiji, 31 Agosti 2000

Baba Aisha,

Ijumaa tarehe nane, saa kumi.

Mama amebadilika. Hasemi tena kuhusu Amuri. Sijui kama anachoka au ugonjwa unamvuta. Anaamka, anakwenda kwa Hadji kumenya maharage, anarudi, ananitazama. Na ghafla ameanza kujipikia. Jana nilipokwenda kuchukua mwiko akasema, "Acha, mwanangu, pumzika. Ugali wako ni mzuri tu, mimi ndiye mdomo mbaya." Nikakaribia kudondosha sufuria. Nani kamwambia?

Na benchi: nikifika sasa wananiinukia. Wanaume wazima wananipisha. Hadji anasema kuna mtu anaimba asubuhi kwenye njia ile mpya, wavuvi wanalalamika, lakini yeye amewaambia wamwache.

Ninaogopa, sijui ninachokiogopa.

Kadidja


Rumonge, 9 Septemba 2000

Mama Aisha,

Ya upande wako unayajua. Nikwambie ya chumba hiki.

Mushagalusa alifika jana Ijumaa, saa nne asubuhi, ana vumbi mpaka kope. Hakufungua kitu. Hakugusa waya. Alisimama mlangoni, akakitazama kidude cha kusemea, akauliza kwa sauti ndogo, "Papa Kassimu, hii mupira nani alifunga hapa?"

"Mimi. Dole langu halina nguvu."

"Tangu siku gani?"

"Tangu ulipoondoka."

Akakaa juu ya kitanda chetu. "Papa. Ukibonyeza, unasema. Ukiachia, unasikia. Sasa wewe ulifunga iko inabonyezwa siku zote. Wewe haukusikia mutu kwa sababu haujawahi kunyamaza. Kila wakati umewasha hii kitu, uko unasema. Wimbo, barua, kugombana na jirani, yote. Uvira wamesikia. Kalemie wamesikia."

Kadidja, nami nikakaa. Nikaanza kuhesabu: barua yako ya kwanza niliyomsomea Chausiku, ya pili, mpango wa Hakimu, ugali. Komeo nililonunua. Pazia. Nilikuwa nimefunga nyumba, nikakaa ndani yake nikihutubia ziwa zima.

Nikakimbilia kwa komanda kabla hajaja yeye. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, asubuhi ya kwanza tulitaka kuja. Kisha ukaimba. Kisha ukasoma barua. Vijana wangu wakasema mwache, huyu hana siri ya vita, ana msiba." Akaongeza kwamba kaswida ya pili naikosea.

Nikarudi nikamwambia Hakimu aende zake, mpango umekufa. Hakimu akasema, "Pengine mama mkubwa hakuwepo saa hizo." Mtu akizama hushika hata povu la sabuni. Nikashika. Saa kumi tukakaa. Mushagalusa akawa anabonyeza na kuachia badala yangu, kama anamlisha mtoto.

Na mama akaja hewani. Nilikuwa nimeisahau ile sauti ilivyo, Mama Aisha. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali, isipokuwa salamu. Hujambo, hatujambo. Mwamini hajambo? Hajambo. Kuku wake yule kilema? Yupo. Imamu? Mwenye mashini ya mawese? Mti wa limao? Mushagalusa ananionyesha batri, ananionyesha saa, na mama anapita nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, hakuruka mlango. Kila nyumba nilisema wazima, na wawili kati yao si wazima, nawe unawajua.

Mtaa ukaisha. Nikamsogezea Hakimu kidude. Nikasema, "Mama, na huyu hapa..." Hakimu akavuta pumzi, akasema, "Bibi harusi wangu, hujambo?"

Mushagalusa akaachia. Hewa ikanguruma.

"Sijambo, Hakimu, mwanangu. Mama yako hajambo? Mungu akulipe kwa kumwosha ndugu yako. Chausiku anamaliza eda mwezi wa kumi, mwangalieni."

Na batri ikafa.

Hakimu alitoka, akakaa chini ya anteni. Chausiku alikuwa nyuma ya mlango, amesikia kwa sikio lake zima. Mimi mpaka sasa nimekaa na ukanda wa mpira mkononi. Niambie anafanya nini. Niambie kama anakula. Niambie kama nimemwua.

Kassimu


Ujiji, 11 Septemba 2000

Baba Aisha,

Hujamwua. Anakula, tena anakula ugali wangu.

Alipomaliza kusema na wewe, benchi zima liliinamisha vichwa. Hadji akazima mtambo. Mama akanishika mkono njia nzima, na nyumbani akanieleza. Asubuhi ya kwanza alikuwa anamenya maharage, akasikia mtu anaimba vibaya. Akasema, "Huyo ni wangu." Mke wa Hadji akasogeza kiti. Tangu hapo akawa anakwenda kukusikia unakoroga sabuni. Siku ya pili ya kukusikia, ukamsomea Chausiku barua yangu. Hivyo ndivyo alivyojua. Watu wote wa benchi walijua siku hiyo, ndiyo wali, ndiyo unga, ndiyo kuinuka. Walikuwa wananipa mkono wa pole na mimi nawashukuru kwa ajili ya uvimbe.

Nikamwuliza, mama, mbona hukuniambia? Akasema, "Ulikuwa unaoga mara tatu kwa siku. Nikaona una mzigo wa kutosha, nisikuongezee wangu." Mwezi mzima na zaidi, Kassimu, kitanda kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile.

Nikamwuliza, na kiapo? Sauti mbili? Kisha akasema nichukue kalamu, na niandike anavyosema, na hili lisipitishwe hewani maana, anasema, hiyo foni yenu haina mlango. Haya ni yake:

"Kassimu mwanangu. Ya pili sitaipata, najua. Lakini ulimsimulia Chausiku kila kitu na mimi hukunisimulia. Nilisikia vipande tu, mara unatoka kuchota maji, mara Mwamini anaingia. Sijui nani alimbeba. Sijui alilazwa upande gani wa baba yake. Wananipasua Alhamisi tarehe ishirini na moja, saa nne. Saa mbili asubuhi nitakuwa kwa Hadji. Funga ule mpira tena. Koroga sabuni yako, unisimulie mwanzo mpaka mwisho. Mimi sitakuwa na neno la kusema, kwa hiyo hutapungukiwa na kitu. Na kaswida ya pili uiache."

Ndivyo alivyosema.

Mkeo,
Kadidja


Rumonge, 21 Septemba 2000

Mama Aisha,

Batri niliijaza jana, nikailaza juu ya mkeka kama mgonjwa. Mwamini alikatazwa kuanika. Kwa komanda nilikwenda mapema kuomba asubuhi moja ya kusema. Akauliza, "Leo utaimba?" Nikamwambia leo nasimulia. Akasema saa mbili hadi saa nne, na kwamba redio yao pale posisheni itakuwa wazi, kwa ajili ya usalama.

Mushagalusa mwenyewe ndiye aliyefunga mpira, akaukaza mara mbili. "Ukumbuke, Papa, sasa hautasikia kitu. Hata kama analia, hautasikia." Nikasema najua. Ndiyo niliyoiomba bila kujua miezi yote hii: nimwambie bila kuuona uso wake. Sasa nimepewa, na sikuitaka tena.

Nikaanza kukoroga. Nikamweleza basi lilivyokuja na matairi matatu. Nikamweleza Amuri alikuwa na katoni moja tupu mapajani, aliiweka kwa ajili ya viatu vya Aisha. Nani walimbeba: Hakimu mbele kulia, mimi mbele kushoto, nyuma wavuvi wawili wa Gatete ambao hata hatuwajui, walisimamisha tu kazi yao. Maji ya kumwosha Mwamini ndiye aliyeyachota, ndoo saba, hakuruhusu mtu kumsaidia. Amelala kulia kwa baba. Nikamwambia nilivyochana barua. Nikamwambia sikulia makaburini, nilikuja kulia hapa kwenye pipa, na watu wakadhani ni mvuke wa soda.

Chausiku aliingia katikati. Hakuniuliza. Akainama kwenye kidude akasema, "Mama, alikuwa amevaa ile kofia uliyomshonea." Akatoka.

Sikujua kama kuna mtu upande wa pili. Nilikuwa nasema na ukuta, na pazia, na komeo langu jipya. Nilipoona sina tena la kusema nikakata ukanda kwa kisu.

Hewa ikanguruma, kisha Hadji: "Rumonge, Rumonge. Ameondoka sasa hivi na mkeo. Alisikiliza mpaka mwisho. Amesema uongeze maji, sabuni ilikuwa inasikika nzito. À vous."

Nikageukia pipa. Sabuni, nilipoitazama, ilikuwa imekatika, mafuta juu, maji chini. Pipa zima. Nilisahau kukoroga tangu nilipofika kwenye ndoo saba.

Nakaa hapa, foni wazi, mpira umekatika. Mwamini amekuja bila hodi, amekaa chini, anasubiri pamoja nami. Sijamfukuza.

Kassimu


Ujiji, 25 Septemba 2000

Baba Aisha,

Hadji atakuwa amekwisha kukuambia hewani, lakini mama anataka iwe kwenye karatasi pia.

Walimpasua saa nne na nusu. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama samaki, mukeke mzima wa kuoka, daktari alinionyesha, sikutazama. Alilala siku nzima na usiku. Ijumaa alfajiri alifungua macho, akanitafuta kwa mkono, nikainama nikidhani ataita jina la Amuri, au lako.

Akauliza, "Ile sabuni ilishika?"

Nimwambie nini?

Kadidja